Kiko cha Babu na Moto wa Mama

Watu wa kwetu hupenda kusema kwamba mtoto huharibiwa na wageni. Mdogo wangu wa kike hakuharibiwa na mgeni. Aliharibiwa na heshima, na mpaka leo nikisikia mtu anaisifu heshima ya Wakurya bila kusita hata kidogo, nakasirika.

Kabla ya kuhamishiwa kijijini, huku Nyarero, tuliishi kwenye boma letu mlimani. Jioni wanaume walikoka moto zizini, na babu, baba yake baba, aliinama tu, akachukua kaa, akaliweka juu ya kiko chake, akavuta. Hakumhitaji mtu. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyumba zikapangwa kwa mstari, ng'ombe wakapelekwa zizi la pamoja nje ya kijiji, na babu, ambaye bibi alishamtangulia, akajengewa kibanda upande wa pili wa barabara. Alikuwa na kitanda, kigoda na kiko. Moto hakuwa nao: wa zizini ulibaki mlimani, na wa jikoni huwashwa na mke.

Moto ulikuwa jikoni kwa mama, na huko babu hakuweza kukanyaga. Kwetu mwanamke na baba wa mumewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mwanamke hagusi vitu vya mkwewe. Mama akimwona babu anakuja, aliiacha njia akaingia majanini. Sikuwahi kuwasikia wakisemeshana neno. Kila kilichotoka huku kwenda kule kilibebwa na mtoto, na mtoto huyo akawa mdogo wangu, maana mimi nilikuwa nimeshatahiriwa, na aliyetahiriwa hakai jikoni kwa mama yake.

Alikuwa na miaka saba hivi. Babu alimwita "mke wangu", kama mababu wanavyowatania wajukuu.

"Mke wangu, niwashie."

Alikimbia na kiko mpaka jikoni, akaweka kaa, akarudi mbio. Mara za kwanza kilizimika barabarani, akarudishwa. Babu akamfundisha: "Vuta kidogo kidogo ukija, kisife." Basi akawa anavuta kidogo kidogo akija, asubuhi, mchana na jioni. Watu waliokaa vibarazani walicheka kumwona mtoto anatoa moshi puani kama mzee. Alichekesha kweli.

Baada ya mwaka hivi kicheko kikaisha. Asubuhi, kabla hajatumwa, mdogo wangu alikuwa mkali kama nyigu, kichwa kinamuuma, uji haushuki. Shuleni alisinzia. Mwalimu alimkuta anatafuna jani la tumbaku akamchapa, mwalimu huyo huyo aliyewatuma wanafunzi duka la ushirika wakamnunulie sigara. Jioni alifundisha darasa la watu wazima, na siku moja akasoma kitabuni kwamba tumbaku inaharibu mapafu na mtoto asiiguse. Mama alikuwa benchi la mbele.

"Na akishazoea, mwalimu," mama akauliza, "anatolewaje?"

Mwalimu alisema kitabu hakikufika huko, akafuta ubao.

Nyumbani mama alimwambia baba. Baba alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa hauna faida yoyote. "Mimi nimwambie baba yangu asimtume mjukuu wake?" alisema. "Watu watanionaje?" Mama akanigeukia mimi. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu, na kwenye utani unaweza kupitisha neno zito. Nikaenda.

"Babu, shikamoo. Huyu mke wako unamuua. Tafuta moto wako."

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Umetahiriwa juzi, leo unanigombania mke?" Akampa mdogo wangu kiko, akamtuma mbele ya macho yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda yule mtoto kuliko sisi wote, na nadhani hakuamini kabisa kwamba kitu alichokipenda yeye kingeweza kumdhuru anayempenda.

Ndipo mama akafanya ambalo hakuna mke wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya. Asubuhi akishapika uji alimwaga maji kwenye mafiga. Mdogo wangu akaja na kiko, akakuta majivu yaliyolowa. Akarudi nacho kikiwa baridi. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata babu aliacha kula.

Ritongo, baraza la ukoo, likaitwa haraka. Wazee walisema kumnyima mkwe moto ni kumwombea kifo. Hakuna aliyeuliza habari za mtoto. Mama hakuruhusiwa kusema mbele ya mkwewe, kwa hiyo baba alisema kwa niaba yake, yaani hakusema kitu. Mama akaamriwa kupika pombe na kupiga magoti nje ya kibanda cha babu, amempa mgongo, aombe radhi kupitia kwa mtu mwingine. Nilimwona akipiga magoti. Wakati wazee wanakunywa, yule aliyeongoza baraza akatoa kiko chake mwenyewe akamwita mdogo wangu amwashie.

Babu alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa mavuno, mdogo wangu akiwa bado anamwashia. Nililia, kisha nikafurahi, na sikuona aibu kufurahi. Mama pia, najua, alihesabu kwamba sasa yameisha. Lakini siku ya kugawa vitu vya marehemu wazee wakasema kiko apewe mke wake. Watu wakapiga vigelegele. Mtoto wa miaka kumi na moja akakabidhiwa kiko cha mzee, na ilikuwa heshima ambayo hata baba hakupewa.

Kilikaa nyumbani mwetu, na mama hakuruhusiwa kukigusa, kwa kuwa kilikuwa kitu cha mkwewe. Alivumilia kwa muda. Mchana mmoja akaingia, akakishika kwa mkono mtupu, akatoka nacho mpaka choo kipya tulicholazimishwa kuchimba, akakitupa. Wanawake waliomwona walishika vinywa. Jirani mmoja alibadili njia asikutane naye.

Mdogo wangu alitetemeka na kutokwa jasho. Alimtukana mama matusi ambayo sikujua anayajua. Mama alimshika, akampa maziwa, akamwimbia, akamfungia ndani. Siku ya tatu alitoroka.

Tulimtafuta, mimi na mama, tukamkuta kilabu cha pombe njia panda. Alikuwa anaokota vipisi vya sigara chini ya mabenchi. Mwanaume mmoja, mtu mzima anayefahamika kijijini, mwenye mabinti wakubwa kuliko huyu, alikuwa ameinua sigara nzima juu ya kichwa chake. "Njoo uichukue huku," alimwambia, na kwa mkono mwingine akapiga paja lake. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshika bega la mtu huyo.

Mama alimshika mtoto mkono wakaondoka, nami nikabaki nyuma nikimtazama yule mtu mpaka akainamia pombe yake. Nilitamani kumuua. Nasema tu nilivyojisikia.

Nyumbani mama alimkalisha kwenye kigoda, akatoka. Alirudi kutoka kwa mwanamke anayevuta, na jani la tumbaku mkononi. Alilisokota vibaya, maana hakuwahi kufanya kazi hiyo. Akampa.

"Mama, si ulisema—" nilianza.

"Nilisema," alinijibu. "Wewe unaweza kumlinda njia panda kila siku?"

Baba, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje. Mvua za kwanza ziliponyesha mama alipanda tumbaku nyuma ya jiko. Aliipalilia kwa mkono wake, kwa makini kuliko maharage, akaikausha, akampimia asubuhi na jioni, na mdogo wangu hakurudi tena kilabuni. Miaka sita baadaye alipoolewa, mama alimfungia vyombo, shuka mbili, na furushi la majani makavu, akamwambia mama mkwe wake, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyu asiachwe akose.