Mguu wa Pili wa Ndama

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mkono wangu huu wa kulia haujaisahau mpaka leo. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, nikapangiwa Handeni, kwa wafugaji. Waliniita bwana mifugo ingawa ni mwanamke, nami nilikipenda hicho cheo kuliko inavyofaa.

Niliitwa kwenye boma moja, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Ukame ulikuwa umewamaliza wengine; wajukuu wa pale walimtegemea huyo mmoja kwa maziwa. Mwenyewe, bibi ambaye wote walimwita yeyo, yaani mama, aliomba ampapase ng'ombe kwanza. Nikamjibu kwa adabu kwamba kazi hii ina wasomi wake. Adabu ya mdomoni tu. Nikafunga kamba kwenye mguu wa ndama ulioonekana, nikavuta. Ng'ombe akaguna, akalala chini. Nikavuta tena.

"Binti, acha," yeyo akasema. "Mguu wa pili uko wapi?"

Sikujua. Na mchoro wa ndama tumboni niliuchora vizuri sana kwenye mtihani!

Yeyo akanawa, akajipaka samli mpaka kwapani, akaingiza mkono, akafumba macho. Ng'ombe akisukuma, yeye anatulia. Akipumzika, anamrudisha ndama ndani taratibu. Akaufunika ukwato kwa kiganja usimchane mama, akaunyoosha mguu uliokunjika. Kisha akanishika mkono, akauingiza niguse mwenyewe. Nilistaajabu, mwanangu. Mikono ile haikuwahi kushika kalamu, lakini ilikuwa inaona. Ndama alipotoka akapumua, nililia bila haya.

Nilidhani atanicheka. Akasema, "Mwaka jana nilimtoa ndama hivihivi, mama yake akafa kwa homa siku ya tatu. Huko mikono yangu haifiki. Toa dawa yako."

Nikapima dawa, nikamchoma ng'ombe sindano. Wiki iliyofuata nilimkuta anakamuliwa, na kikombe cha kwanza nikapewa mimi.

Basi wewe uliyerudi na shahada yako, usiidharau. Kuna mahali mikono peke yake haifiki. Ila usiifanye kitambaa cha kujifunga macho. Penye wazee haliharibiki neno, na mkono mmoja haulei mwana. Kabla ya kuvuta, uliza mguu wa pili uko wapi.

Mungu akubarikie ulichosoma, na akujaalie mtu wa kukushika mkono kama nilivyoshikwa mimi.