Ngozi ya Kupandwa

Miaka ya sabini nilikuwa shambaboi Lavington, kwa tajiri mmoja mwenye mbwa wakali, lakini mbwa niwaache. Stovu ya mafuta taa ilimlipukia mke wangu, mkono ukaungua vibaya. Daktari akasema paja litaotesha ngozi mpya lenyewe, lakini mkononi mizizi ya ngozi imekufa. Akatoa vipande vidogo pajani, akavipanda mkononi, akafunga bendeji.

“Msifungue hadi Ijumaa,” akatuonya. “Visiposhika, mkono utajikunja.”

Mimi nikaona hiyo ni kazi yangu kabisa. Nyasi pia tulizipanda vipande vipande, na siku ya tatu nilizoea kuinua ukingo kidogo nione kama zimeshika.

Siku ya tatu nikashika bendeji.

“Baba watoto, daktari amesema Ijumaa.”

“Daktari anajua dawa. Kupanda najua mimi. Hebu tazama kando.”

Akacheka, akatazama kando. Nikavuta. Kipande kikaja na bendeji, cheupe, kama karatasi iliyolowa. Cha pili kikafuata. Yeye hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

“Vimeshika?” akaniuliza.

Nikairudisha bendeji polepole.

“Vimeshika,” nikasema. Ilikuwa Jumatano.