Mimba Iliyoletwa na Mto

Nilizaliwa Kipini, mahali ambapo upepo wa bahari haumpi mbu nafasi ya kutua. Nilipoolewa, miaka ya hamsini, nilipelekwa upande wa juu wa mto, kwenye kijiji kilicho baina ya Kulesa na Garsen, kwa watu waliolima mpunga na ndizi ukingoni mwa Tana. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno yote ya nyumba ile aliyachukua mavyaa, yaani mama yake: mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumgeuza mtu aliye ng'ambo, na mwenye haja moja tu duniani, mjukuu.

Mwezi wa nne wa ndoa yangu, mto ulifurika. Kilichonishangaza ni kwamba kwetu hapakuwa na hata tone la mvua. Jua kali, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika, na huku maji yanapanda.

"Mvua imenyesha bara, milimani," mume wangu akanieleza. "Sisi twaletewa tu."

Tukapakia mtumbwini kuku, magunia ya mpunga na bibi harusi anayelia, tukahamia kwenye mwinuko. Waorma, wafugaji wa pande zile, nao walikuwa wamekimbilia huko na ng'ombe wao, tukawa majirani.

Maji yalikaa kama majuma mawili, kisha yakaondoka. Lakini hayakuondoka yote. Yalibaki katika kila shimo tulilochimba chini ya mwinuko kupata udongo wa kukandikia vibanda, hata katika nyayo za ng'ombe, na humo wakazaliwa mbu wasio na idadi. Jioni ukifumbua mdomo kupiga bismillahi, ulimeza wawili kabla ya tonge.

Asubuhi moja niliamka na kichwa kizito, nikatoka nje, nikatapika. Mavyaa alikuwa akitwanga. Mchi ukabaki juu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "chakula chakuchukiza?"

"Chanichukiza, mama."

"Wataka kitu kichachu?"

Nilifikiri kidogo. "Ukwaju ningeunywa."

Basi, yakawa yamekwisha. Kufika adhuhuri mwinuko mzima ulijua. Tangu siku hiyo sikuchota maji, sikutwanga, sikuinama. Nililetewa kambare wa mchuzi, ndizi mbivu, na maziwa yaliyofukizwa moshi kutoka kwa jirani yetu, mwanamke Muorma. Mavyaa aliniwekea mto wa kuegemea na kuwafukuza watoto wanaopiga kelele.

Sasa niseme ukweli, maana wa kunikaripia wamekwisha kufa. Mimi nilijua. Siku zangu zilikuja juma lilelile, nikazificha. Niliona haya kumvunja moyo mama wa watu, na pia, tusidanganyane, yule kambare alikuwa mtamu.

Lakini homa haijui kutunza siri. Siku moja yapita njema, ya pili yake, saa ileile ya alasiri, natetemeka mpaka kitanda cha kamba kinalia. Mavyaa akasema mtoto ana nguvu, bila shaka ni mwanamume. Ndipo yule jirani Muorma, aliyekuja na kibuyu chake cha maziwa, akasimama mlangoni akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, akili yake ndefu.

"Mimba hapana tetemeka," akasema. "Hii mbu. Peleka Ngao."

Mavyaa alinuna, ila kesho yake nilipoanza kuweweseka aliogopa. Mume wangu akatuteremsha kwa mtumbwi, tukapita Garsen, tukafika hospitali ya Ngao jua likiwa kichwani. Veranda ilijaa wagonjwa. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyetupokea alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alinivuta kope, akanibonyeza ubavu wa kushoto, akaniuliza maswali kwa faragha, nikamjibu kweli tupu.

"Mama, huyu ana malaria," akamwambia mavyaa.

"Na mimba?"

"Mimba hakuna."

Mavyaa akauliza taratibu, "Kwa hiyo niliyekuwa nikimlisha kambare majuma matatu ni mbu?"

Veranda nzima ilicheka. Nami nikajifunika leso.

Dresa alinipa vidonge vichungu ajabu, ulimi wangu ukataka kurudi Kipini peke yake. Akasema, "Mto ukipanda, mimi hupata muda wa kunywa chai. Ukishuka, sioni hata kikombe. Fukieni mashimo, mama. Laleni ndani ya chandarua."

"Na mto tuuzuieje?"

"Mto hauzuiliki. Zuieni mbu."

Tuliporudi, mume wangu akisukuma mtumbwi kwa pondo, mavyaa alinigeukia.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mama. Nisamehe."

Nilingoja radi. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na kicheko kikamtoka hata mtumbwi ukayumba na mwanawe akatuomba tutulie tusije tukazama. Lakini alinihukumu vilevile. Nilipopata nafuu, kila alasiri nilitumwa kwa yule Muorma kuchukua mavi makavu ya ng'ombe, nikayabeba kichwani, nikayachoma mlangoni ili moshi ufukuze mbu. Mimi, binti wa Kipini niliyekuja na udi na asmini! Mume wangu, kwa maneno yake machache, alisema nanukia kama ndama. Mbu walipungua kweli, na chandarua kilichonunuliwa dukani Garsen tukalala ndani yake mimi na mavyaa, mume wangu akabaki na moshi.

Hata hivyo homa ilimpata mavyaa naye. Nilimpikia kambare, nikamwekea mto wa kuegemea, nikamkataza kuinama.

"Ukiniuliza ni ya miezi mingapi," akasema huku meno yanagongana, "nitainuka nikupige."

Siku hizi mto umepoteza adabu. Hufurika miezi isiyo yake, mwaka mwingine hukataa kabisa, na homa nayo haina tena msimu wa kuiwekea vidonge. Zamani tulijua: maji yakishuka, jiandae.

Mavyaa alipopona, kitu cha kwanza alichoshika ni jembe. La pili alinipa mimi. Tulifukia mashimo pamoja tangu asubuhi, yeye akipiga kelele, mimi nikitokwa jasho, na yule jirani Muorma akatuletea maziwa, akasimama kutazama. Kisha akafunga leso yake kiunoni, akaanza kusukumia udongo shimoni kwa miguu, akicheka.