Likiwashwa Taa, Linazima

Kwetu Masama gari haliegeshwi hivi hivi. Linageuzwa litazame bondeni, ili asubuhi ulisukume kidogo, liteleze, uachie klachi, liwake. Marehemu baba alitufundisha hivyo sote, maana alilionea huruma gari lake kuliko alivyotuonea sisi. Desturi hiyo nusura ituharibie harusi ya mdogo wangu.

Mama alikuwa na ombi moja tu: binti yake wa mwisho aende kanisani na gari la baba, lile lile lililompeleka yeye alipoolewa. Baada ya baba kufariki lilikaa bandani, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Tukalifufua. Mama akasisitiza lipakwe rangi kote, hadi ndani ya boneti, kwa kuwa harusi haifanywi nusunusu. Likatoka linameremeta, nami nikaanza kujigamba.

Wiki ya harusi nilimchukua mama tukaijaribu njia ya kanisani. Ukungu ulikuwa umeshuka, nikawasha taa. Tulipopunguza mwendo kwenye geti la kanisa, gari likatetemeka, likazima. Nikazima taa, nikaliachia mteremkoni, likawaka na kunguruma vizuri. Nikawasha taa, likafa tena. Mngurumo ule wa gari lililosimama mafundi huuita sailensa, na sailensa yetu ilikuwa nzuri mpaka uiombe umeme.

Sasa fikiria msafara wa harusi: taa zote zinawaka mchana kweupe, hazadi zinapepesa, honi haipumziki. Tulipofika nyumbani mama akasema, "Mwanangu, likizima na bibi harusi ndani, watu watasema baba yake hakuridhia. Kodini la mjini." Niliumia. Nilijua ni kiasi gani alikuwa amelitaka jambo lile.

Nikalipeleka kwa fundi wetu, gereji ya karibu na soko la Kwa Sadala. "Kabureta hiyo, dada," akasema, akapandisha sailensa. Taa zikiwaka, gari likahimili. Zikizimwa, likapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nikamuuliza kama nimemletea gari au mahindi. Hakucheka. Tukabadilisha plagi, tukaazima betri mpya. Wapi!

Nyumbani nilikuwa naliteremsha kilimani liwake, kama nilivyolelewa, kwa hiyo sikuwahi kulisikia likiwashwa kwa ufunguo. Pale gereji ni tambarare, ikabidi nitumie ufunguo. Stata ikazunguka kwa kujivuta, kana kwamba betri imechoka, na betri ilikuwa mpya. Fundi akainua kichwa.

"Limeanza lini haya?"

Mama, aliyekuja eti kununua vitunguu sokoni lakini hakubanduka gereji, akajibu: "Siku linapelekwa kwa mpaka rangi mvua ilinyesha, tukawasha taa, na halikuzima. Ni baada ya rangi."

Tukatazamana. Fundi akachukua waya wa kubustia, ule wa kuazimana umeme wa betri, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Washa taa, dada." Nikawasha. Nikaongeza hazadi, waipa, mwisho nikabonyeza honi mpaka wauza ndizi wakageuka. Sailensa ikashtuka kidogo, ikatulia.

Kumbe waya wa eathi, ule unaofunga betri kwenye bodi, ulikuwa umekazwa juu ya rangi. Mpaka rangi alilitii agizo la mama, hakubakiza hata pale pa bolti. Umeme ulikuwa unapenya kwa shida, na taa zikidai zao, plagi zinakosa moto. Fundi akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akairudisha sailensa ilipokuwa. Basi! Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kwa furaha ya kutua mzigo.

"Mama, umelipamba mpaka likakosa pumzi."

"Nyamaza wewe," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku ya harusi mama alipanda gari la kukodi, likatufuata nyuma kama akiba. Mvua nayo haikukubali kupitwa, nikawasha waipa. Kwenye geti la kanisa, lililopambwa migomba, wapiga tarumbeta wakatuziba njia. Tukasimama pale muda mrefu, kila kitu kikiwaka. Mdogo wangu akanifinya bega kutoka kiti cha nyuma.

"Dada, bado lipo?"

Lilikuwepo. Lilikuwa linanguruma taratibu, kama baba alivyokuwa akiliacha alipomsubiri mama atoke sokoni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru na fundi.

Baada ya misa mama hakulitazama gari la kukodi. Maharusi walipokwisha kuingia nyuma, alifungua mlango wa mbele wa letu, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akajifunika kitenge magotini. Nilishika swichi ya taa, nikasita, nikamtazama.

"Washa kila kitu," akasema.