Kompyuta Isiyoosha Bakuli

Nilisoma kwa sauti, mbele ya mama mkwe mtarajiwa wa dada yangu, maneno ambayo dada alikuwa ameshayafunga na kudhani yamekufa. Huo ndio upuuzi nilioufanya. Niliufanya nimekaa vizuri mkekani, nimeshiba, sina hata homa ya kusingizia.

Kompyuta ilitoka kwa mjomba wa Pemba, hapa hapa Msumbiji. Ilikuja na ufa kwenye kioo na tabia ya kudai atualização kila ikiwashwa, yaani nipakue marekebisho mapya ya mfumo. Kila siku naijibu, "Baadaye." Megas zangu za intaneti zilikuwa na kazi ya maana zaidi: kutazama watu wakiteleza na kuanguka. Tuliitumia nyumba nzima: mimi kwa mambo ya shule, dada kumwandikia mchumba wake, na mama kila alasiri, baba akiwa hajarudi, mlango umefungwa, kusikiliza mawaidha.

Halafu nikasoma mtandaoni kwamba toleo letu la mfumo lina kasoro, na tiba yake ni yale marekebisho ninayoyakwepa. Ndani ya kompyuta kuna kiini kinachosimamia kila kitu, wenyewe wanakiita kerneli. Kazi yake ni kama ya mama siku ya shughuli. Programu ikifunguliwa, kerneli inaiazima nafasi kwenye kumbukumbu, tuseme bakuli. Programu ikifungwa, kerneli inalichukua bakuli, inaliosha, ndipo inamwazima mwingine. Ya kwetu kuna kona moja ilisahau kuosha. Anayefuata akipewa bakuli, anakuta makombo ya mwenzake.

Mtandaoni wataalamu walikuwa wanatetemeka. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma, maana mtaani kwetu aibu ni kurudisha bakuli tupu. Tuliporudi Mocímboa kutoka ukimbizini, mama alikuta bakuli la jirani limenusurika kwenye kifusi cha jiko. Akalijaza mihogo, akalipeleka kwa mwenyewe kabla hata hajafagia uwanja. Nikasema, kerneli hii imelelewa na mama yangu.

Sasa, mama wa mchumba alikuwa ameshamkatalia mwanawe msichana mmoja kwa sababu ya wali mbichi. Na dada yangu, nampenda, lakini huyo huunguza hata chai. Kwa hiyo likaenda kwao bakuli la pweza wa nazi, nasi nyumbani tukakaa roho juu, tukingoja litarudi na nini. Lilirudi na mama mkwe mwenyewe, limejaa bajia.

"Kunde nimesaga mwenyewe, kwa mkono huu," akasema, akiunyoosha tuuone.

"Nasi pweza yule, mwenzangu," mama akajibu bila kupepesa, "binti hakukubali hata nimkunie nazi."

Dada akainamisha kichwa kwa adabu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko ninavyoweza kuvumilia.

"Mama," nikamwambia mgeni, "hata kompyuta yetu ina adabu. Hairudishi bakuli tupu."

"Hebu nione."

Nikawasha kijiprogramu nilichokuwa nimekiandika kwa kuiga cha mtandaoni. Kazi yake ni moja: kiombe bakuli, kionyeshe kilichomo. Nilitegemea takataka tu, na kweli zikaja takataka, mistari na mistari ya herufi zisizo na mama wala baba. Katikati yake ukatokea mstari wa Kiswahili safi. Mdomo wangu una mbio kuliko macho.

"Pweza kapika mama," nikasoma, "mimi nimebeba bakuli tu, usimwambie mama yako, ataniona..."

Hapo makombo yakaisha.

Tulisikia kuku anachakura mlangoni. Mama alikuwa anautazama mkeka kama mtu anayetafuta sindano.

"We mtoto," dada akasema taratibu, "leo nakuzika."

Mgeni akachukua bajia moja, akaigeuza huku na huku, akairudisha. "Atakuona nini?" akamwuliza dada.

"Mvivu, mama."

"Ndilo neno lililobaki?"

"Na mwongo."

Mgeni akamtazama mama, mama akatazama dari. Kisha mgeni akalisukuma bakuli katikati ya mkeka.

"Bajia hizi za pale kona ya soko. Nimezitoa kwenye gazeti nikazimimina humu. Mkono huu haujasaga kunde tangu niolewe."

Mama ndiye aliyeanza, kicheko kile cha kushika ubavu. Dada bajia ikampanda puani. Mgeni alicheka hadi kilemba kikamwangukia mabegani, na kila akitaka kunyamaza, mimi namwonyesha mkono wa kusagia. Wakati wa kuaga alimshika dada kidevu: "Ijumaa uje kwangu. Tukaunguze wote." Akaondoka na bakuli letu jingine, lina papai.

Mama akafunga mlango. Nikayaandaa masikio yangu yote mawili, nikijua moja litabaki mkononi mwake. Hakunigusa. Aliikodolea macho kompyuta kwa muda, kama anayemtazama mgeni aliyesikia mengi, kisha akasema:

"Megas nitanunua mimi. Fanya hiyo atualização kabla baba yako hajarudi, na yale mawaidha yangu ya jana usiyasome hata kimoyomoyo."