Zizi Lililopelekwa Juu

Kabla hajaolewa alikuwa dereva wa trekta katika shamba kubwa la mahindi, na jina la Dereva likamganda hata baada ya kuacha kazi hiyo. Alijua injini inayolamba mafuta na ile inayoyabugia.

Alipokabidhiwa shamba la mumewe aliapa hatagusa mbolea ya dukani. Kiwanda kinaunguza gesi nyingi kuitengeneza, alisema, kabla hata gunia halijashonwa mdomo. Basi akaanza kusomba samadi kwa mfugaji wa ng'ambo ya mji. Trekta ya kukodi ikawa haipumziki, trela likidondosha mabonge barabara nzima.

Dada wa mumewe, aliyelima shamba la chini yao, alisimama mpakani mikono kiunoni.

"Wifi, mbolea yangu imekuja kwa safari moja. Hiyo yako ya asili mbona inanuka dizeli?"

Dereva alicheka, lakini neno lilimwingia. Ukweli ni ukweli hata ukitoka kwa wifi. Alichookoa kiwandani alikuwa anakimwaga barabarani.

Jioni, mumewe akiosha vyombo, alimwambia, "Baba watoto, tununue ng'ombe wetu. Zizi tulijenge kule juu, kichwani mwa shamba."

"Kule juu? Na maji atawapelekea nani?"

"Mvua. Bati litayakinga, tangi litayahifadhi. Samadi itateremka yenyewe kwa mfereji, bila tone la mafuta."

Mume alikuna kichwa kwa mkono wenye povu. Kesho yake alikuwa anapandisha mbao, analalamika huku anabeba. Majirani wakasema ng'ombe wa Dereva wamejengewa ghorofa. Yeye alikuwa anachimba mfereji.

Siku ya kufungua mfereji, uji wa samadi ulishuka kwa kasi, ukapita mahindi yake bila hata kuyasalimu, ukaishia kwa wifi.

"Wifi! Umenitapikia shamba!"

"Samahani, wifi yangu! Mteremko umenizidi ujanja."

Alifukia mfereji ule akachimba mwingine uliokata mteremko kwa upande, taratibu, ukinywesha mstari mmoja baada ya mwingine. Katikati ya mahindi akapanda kunde, zirutubishe udongo na kuhifadhi unyevu wake. Palizi ilimtoa jasho hasa, maana magugu hayakujali nadharia ya mtu.

Wakati wa mavuno wifi alimshinda kwa magunia, na Dereva alikiri bila kumung'unya maneno. Ila tangu zizi lijengwe trekta alikuwa ameiita mara moja tu, kulima, na hakuna kiwanda kilichowashwa moto kwa ajili yake. Kwa kila gunia alilovuna, alijua, shamba lake lilikuwa limekunywa mafuta kidogo kuliko la jirani. Hilo lilimtosha kutembea kifua mbele.

Siku chache baadaye wifi alikuja, akaangalia pembeni kama mtu aliyepotea njia.

"Ile sehemu uliyonitapikia ndiyo iliyozaa kuliko kote," alisema. "Huo mfereji hauwezi kurefushwa mpaka kwangu? Mbolea yangu siiachi, sikiliza vizuri. Nitaipunguza tu."

"Nani amekwambia uiache?" Dereva alimkabidhi jembe. "Wewe anzia chini, mimi nateremka kutoka juu."

Wakachimba wakitaniana, hadi majembe yao yakagongana mpakani.