Mume Wangu Anasema Aliniokoa Kwenye Korongo

Admin, naomba usiweke jina langu wala la kanisa letu, maana mume wangu ni mzee wa kanisa na watoto wetu wanasoma hii page; majina mengine nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi karibu na mji wa Wote. Nina watoto wanne na wajukuu saba. Haya sijawahi kumwambia mtu. Hata mama yangu alikufa bila kujua.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiwa na miezi minne tu kwenye ndoa. Mume wangu alikuwa mwalimu kule Kitui. Jumamosi moja, mwezi wa kumi na moja, akasema twende tutembee kwenye korongo la marumaru alilokuwa akilisifu tangu tuko wachumba. Njia ilikuwa rahisi, inafuata mto, tambarare, hata mtoto angepita. Mto wenyewe maji yalifika kwenye kifundo cha mguu tu. Huku na huku kuta za mawe meupe yenye mistari ya kijivu, laini kama sahani. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya harusi, nikitaka anione nimependeza.

Pale mwanzo wa korongo tulimkuta mama mmoja akifua nguo. Baadaye nilijua anaitwa Kalekye. Akatuambia, "Msikae sana huko ndani. Hapa ni jua, lakini huko juu mawingu ni meusi tangu asubuhi."

Mume wangu akacheka. "Mama, tunaenda na kurudi tu."

Tulitembea kama nusu saa, tukakaa kwenye jiwe, tukala viazi vitamu. Halafu ndege wakanyamaza. Nikasikia kitu kama lori linapanda mlima, lakini huko hakuna barabara. Upepo baridi ukaja na harufu ya udongo. Mume wangu akaruka, akanishika mkono. "Kimbia!"

Tulikimbia tukirudi tulikotoka. Nilipogeuka niliona maji mekundu yamejaza korongo ukuta kwa ukuta, yamebeba miti mizima. Viatu vikateleza kwenye marumaru nikaanguka magoti. Maji ya kwanza yakanifika kiunoni. Mume wangu alikuwa ameshika mwamba kwa mkono mmoja, na mimi amenishika kwa mkono mwingine. Akaniangalia machoni. Halafu akavuta mkono wake. Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania, kwa hivyo alilazimika kuutikisa mara mbili ndipo ukatoka. Akapanda juu bila kugeuka.

Sijui nilifikaje kwenye mizizi ya mkuyu. Nilikuwa nimemeza matope, siwezi hata kupiga kelele. Kalekye ndiye alikuja juu ya ukuta, akalala kifudifudi, akaniteremshia leso yake iliyolowa. Akanivuta huku akinifokea, "Usiniachilie, mwanangu! Usiniachilie!"

Tulimkuta mume wangu juu, analia kama mtoto. Alinikumbatia. Kalekye akamtazama tu, akaenda kutafuta nguo zake.

Jioni hiyo mama yake alipouliza ilikuwaje, akasema, "Nilimshika mkono, nikamvuta." Nilinyamaza. Nilikuwa bibi arusi, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe. Tangu siku hiyo ametoa huo ushuhuda kanisani sijui mara ngapi, na mimi huitikia Amina. Amekuwa mume mzuri, sitadanganya. Hajawahi kunipiga, hajawahi kutuacha njaa. Lakini tukivuka hata mtaro pamoja, simpi mkono. Anadhani ni aibu tu.

Sasa wajukuu wako hapa, shule zimefungwa. Wameona picha za hilo korongo kwenye simu, wakaja kunibembeleza mimi nyanya yao. "Susu, ni njia rahisi, watu wanaenda na watoto!" Mzee amekubali kuwapeleka Jumamosi hii, awaonyeshe pahali alipomwokoa nyanya yao. Na wiki nzima imenyesha huko juu. Nilipokataa, akacheka mbele ya wote. "Mama Mutua, unaogopa nini na mimi niko?"

Jana asubuhi, tukiwa wawili, nilijikaza nikamuuliza, "Baba Mutua, unakumbuka kweli vile ilikuwa siku ile?"

Akaweka kikombe chini. "Kama jana. Nilikushika, sikukuachilia."

Nilimwangalia usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku ile ya maji. Anaamini. Mumbua, mjukuu wetu wa miaka sita, ameshasema atatembea na babu yake wakishikana mikono.

Nikisema ukweli, ninambomoa mzee wa watu mbele ya watoto wake. Nikinyamaza, Jumamosi wanaondoka saa mbili asubuhi. Nawaomba, kina mama na kina baba, niambieni nitafungua mdomo vipi?